Siku Tuliyowatembeza Wageni Sumbawanga

Ukisema mahali popote nchini kwamba umetoka Sumbawanga, mara nyingi kicheko huja kwanza, na baada ya kicheko huja swali la radi. Kwenye basi, sokoni, harusini, hata kwenye semina za Kanisa, tumeulizwa kama ni kweli kwamba kwetu mtu akikosana na jirani yake hutumiwa radi wakati jua linawaka. Wengine huuliza kwa utani, na utani tumeuzoea. Wengine huuliza kwa hofu ya kweli, na hao ndio hutuumiza, kwa sababu wanatuogopa sisi ambao tumebatizwa pamoja nao.

Sisi tunaoandika haya ni wanajumuiya wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo moja ya Sumbawanga mjini, nyumba 16 kwa jumla. Tuko wakulima, walimu, mafundi na wafanyabiashara wa sokoni. Tunaandika pamoja kwa sababu jambo tunalolisimulia tulilifanya pamoja.

Kwanza tuseme juu ya jina. Kwa Kifipa, “sumba” ni kutupa, na “wanga” ni uchawi. Wazee wetu hueleza kwamba mgeni aliyefika na mambo yake ya siri aliambiwa ayatupe kabla hajaingia. Kwa hiyo jina la mji wetu ni amri ya kuacha uchawi. Ni ajabu kwamba masikioni mwa watu amri hiyo imegeuka kuwa tangazo kwamba uchawi umejaa hapa. Ni kama mtu aone kibao kilichoandikwa “usitupe taka hapa” akasema, kumbe hapa ndipo penye taka.

Mwezi Julai, wakati baridi ya Ufipa inapouma kuliko miezi mingine, parokia yetu ilipokea wageni 18 wa kwaya kutoka parokia moja ya Dar es Salaam. Walikuja kwa basi la kukodi kupitia Mbeya na Tunduma, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Walifika Ijumaa usiku wakitetemeka, kwa maana uwanda wetu uko juu, takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na wengi wao hawakuwa wamebeba masweta. Jumamosi walifanya mazoezi pamoja na kwaya yetu, Jumapili wakaimba Misa mbili. Jumatatu ilikuwa siku ya matembezi, na Paroko aliikabidhi kwa Jumuiya yetu. Tuwaonyeshe mji na nchi ya Ufipa, tuwape chakula cha mchana, na jioni tuwarudishe parokiani wakiwa salama.

Tangu walipofika tuliona jambo moja. Wageni walikuwa na katoni za maji na mifuko ya biskuti. Ukumbini walikula wali na maharage vizuri, kwa kuwa chakula kilipikwa na masista. Lakini walipopelekwa kulala majumbani, wawili wawili, waliomba radhi kuhusu chai, na chakula cha usiku walisema wameshiba. Mama mmoja wa Jumuiya yetu, aliyekuwa amechinja kuku, alimsikia binti akizungumza kwa simu na mzazi wake, akimhakikishia kwamba hajaonja kitu nyumbani kwa mtu yeyote. Mama huyo hakusema neno. Alifunika sufuria, akawasha mkaa, akawapelekea chumbani waote moto.

Jumapili jioni tulikutana kupanga siku ya kesho yake. Shida ilikuwa chakula cha mchana. Utaratibu wetu ni kwamba mgeni wa Jumuiya hulishwa katika nyumba ambayo zamu ya sala ya wiki hiyo imeifikia. Wiki hiyo zamu ilikuwa ya bibi mmoja mjane anayekaa pembezoni mwa mji.

Ni lazima tueleze habari za bibi huyo, bila kumtaja jina. Miaka kadhaa iliyopita mtoto wa jirani yake alifariki kwa ugonjwa wa ghafla. Wazazi wa mtoto, katika uchungu ambao hatuna ruhusa ya kuuhukumu, walikwenda kwa mganga apige ramli. Mganga hakutaja jina. Aliwaambia tu waangalie mlango unaotazama machweo, wa mtu anayeishi peke yake. Watu wakahesabu milango, na hesabu ikaishia kwa bibi. Usiku mmoja bati za nyumba yake zilipigwa mawe mpaka alfajiri, na maharage yake shambani yakang’olewa kabla hayajakomaa.

Habari za namna hii si ngeni nchini kwetu. Sheria ya Uchawi iliyowekwa mwaka 1928, wakati wa Waingereza, humwadhibu anayejidai kuwa na nguvu za uchawi, na pia humwadhibu anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Miaka ya 1960 lilipita hapa Ufipa vuguvugu lililoitwa Kamchape. Vijana walizunguka vijijini wakidai kuwatambua wachawi, wakawanywesha watu dawa ili kijiji kitakaswe. Mwanazuoni Mwingereza Roy Willis, aliyeishi Ufipa wakati huo, aliliandika. Hata leo, chini ya majina kama kamchape na lambalamba, watu wa namna hiyo husikika katika mikoa ya magharibi. Mkoa wetu pia umemwaga machozi kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino walioshambuliwa kwa sababu ya ahadi za waganga, mpaka Januari 2015 Serikali ikatangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Kanisa nalo limesema wazi. Katekisimu, katika namba 2116 na 2117, inakataa ramli na uchawi wa kila aina, hata ule unaofanywa kwa nia ya kurudisha afya.

Baada ya usiku ule wa mawe, katekista wetu na mwenyekiti wa mtaa walikwenda kukaa na bibi. Jumuiya iliamua kuhamishia Rozari nyumbani kwake mwezi mzima, kila jioni. Tulisali pale na tukala pale. Tangu hapo nyumba yake imo katika zamu kama nyumba nyingine zote.

Lakini kuwapeleka wageni kule lilikuwa jambo jingine. Baba mmoja alisema, kwa nia njema kabisa, “Hawa watu hawajanywa hata chai majumbani kwetu. Tukiwapeleka kwa bibi, wakasikia maneno ya majirani, watakimbia na kuitangaza Sumbawanga kuliko mwanzo. Tuwalishe hotelini, tuchange fedha, yaishe kwa amani.” Wengi walitikisa kichwa kukubali. Kisha mama mmoja akauliza, “Na bibi tutamwambia nini? Ulezi ameshasaga tangu juzi. Kuku wawili amewafunga miguu. Tukipita mbele ya nyumba yake na basi zima kwenda hotelini, atajua sababu, na majirani watajua kwamba hata Jumuiya imemwogopa.”

Pakawa kimya. Mwalimu mmoja akasema kwamba kama tutawapeleka, basi tuwaambie ukweli kabla, kwa sababu mtu aliyelishwa bila kuambiwa, akija kujua baadaye, ataona tumemtega. Tulikubaliana hivyo. Chakula kingekuwa kwa bibi, na wageni wangeambiwa mapema, ili atakayekula ale kwa hiari yake. Tulifunga kwa sala, tukaenda kulala na wasiwasi.

Asubuhi tuliwapitisha kwanza sokoni. Tulitaka waone kinachotulisha. Waliona maharage ya kila rangi yamerundikwa kama vilima vidogo, ulezi mwekundu, mahindi mapya, mchele wa Bonde la Rukwa, na samaki wa Ziwa Tanganyika walioletwa kutoka Kasanga na Kirando, dagaa na migebuka iliyokaushwa. Wageni walifurahi. Mara moja wakaanza kununua maharage ya kupeleka nyumbani, wakibishana bei na mama zetu kama vile wako Kariakoo.

Hapo jirani kuna hoteli ndogo. Tuliingia, wakaagiza chai ya maziwa na maandazi, wakala bila wasiwasi. Tuliwaangalia tukatafakari. Mpishi wa hoteli hawakumjua jina, hawakujua anakaa wapi wala anasali wapi, lakini chai yake ilipita kooni. Mama aliyewatandikia kitanda na kuwawashia mkaa, chai yake ilibaki kwenye chupa. Tuliona kwamba hofu hii inamwangalia zaidi mtu aliye karibu. Jirani na shangazi na mwenyeji ndio huogopwa kwanza. Ndiyo maana ni ugonjwa mbaya kwa Kanisa, maana Kanisa limejengwa kwa watu walio karibu.

Kutoka sokoni tuliwapeleka Milanzi. Leo Milanzi ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, lakini jina lake ni la zamani sana. Hapo ndipo masimulizi ya Wafipa yanapoanzia. Wazee husimulia kwa namna mbalimbali, lakini kiini ni hiki: mtemi wa Milanzi alikuwa amekwenda kuwinda, na wakati hayupo wakatokea wanawake wageni kutoka mbali. Nyumbani aliachwa mwanamke wa mtemi, ambaye alikuwa ameonywa kwamba wageni watakuja. Wageni wale walipofika, alishikwa na hofu, wakapewa kiti cha mtemi wakakikalia. Mtemi aliporudi hapakuwa na vita. Walielewana kwamba wale wageni, ukoo wa Watwa, watatawala nchi, na yeye atabaki na kijiji chake na mlima wake, na heshima ya mwenye asili. Baadaye utawala wa Watwa uligawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile, na jina la Nkasi lingali kwenye wilaya yetu ya kaskazini.

Mmoja wa wageni, kijana wa besi mwenye utani, alisema, “Kwa hiyo sisi tukikaa kwenye kiti, nchi ni yetu?” Tulicheka sote. Mzee wetu akamjibu, “Mjukuu wangu, kiti utapewa. Ila ukikaa lazima ule.” Walicheka tena, lakini safari hii kicheko kilikuwa kifupi.

Waliuliza habari za maporomoko ya Kalambo, kwa maana walikuwa wameyaona kwenye picha. Tuliwaeleza kwamba yako mbali, kwa njia ya Matai, mpakani na Zambia, na siku moja isingetosha. Mwalimu wetu aliwasimulia kwamba maji pale huanguka moja kwa moja zaidi ya mita 200, na kwamba mwaka 2023 wanasayansi walitangaza kuwa magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa, yaliyofukuliwa karibu na maporomoko upande wa Zambia, yana umri wa takriban miaka 476,000. Kiongozi wa kwaya alishangaa. Alisema hakuwahi kufikiri kwamba pembe hii ya nchi, ambayo wao huiona kuwa mwisho wa barabara, ilikuwa na mafundi mapema kiasi hicho. Waliahidi kwamba Kalambo itakuwa safari ya pili.

Kabla ya saa sita tulipanda kuelekea Milima ya Mbizi. Njiani mashamba ya mahindi yalikuwa yameshavunwa, na katika baadhi yake walionekana watu wakipukuchua. Tuliwaeleza juu ya ntumba, yale matuta ya mviringo ya Wafipa, ambamo nyasi hufukiwa zioze ziwe mbolea kabla ya kupanda. Ni kilimo cha uvumilivu, na kilitulisha kabla ya mifuko ya mbolea kufika. Kwenye Msitu wa Hifadhi ya Mbizi tuliwatafuta mbega wekundu, tukasikia vishindo vya matawi tu. Kisha tukaenda ukingoni, mahali ambapo uwanda unakatika ghafla na Bonde la Rukwa linaonekana chini, karibu kilomita moja kwenda chini, na ziwa limelala katikati ya ukungu wa joto. Ziwa Rukwa halina mto wa kutokea. Maji yanaingia, hayatoki, jua ndilo linayachukua. Wageni walisimama kimya. Mmoja akaanza kuimba Zaburi waliyoiimba Jumapili, wengine wakampokea, na sauti zao zikaenda bondeni.

Hapo ndipo tulipowaambia. Mwenyekiti wa Jumuiya alisimama akaeleza yote. Aliwaambia kwamba wanakwenda kula kwa bibi aliyetajwa na mganga, nyumba yake ikapigwa mawe, na kwamba sisi tumekula kwake kwa miaka. Kisha akawaambia kwamba asiyetaka kula hatalazimishwa wala kuulizwa.

Hakuna aliyejibu kwa muda. Upepo ulikuwa mkali, watu wakajifunga khanga mabegani. Kiongozi wa kwaya aliuliza swali moja tu, “Ninyi wenyewe, na watoto wenu, mnakula kwake?” Tulijibu, “Tunakula, na watoto wetu wanakula.” Akasema, “Basi twendeni, kila mtu na moyo wake.” Ndani ya basi hawakuimba. Walizungumza kwa sauti za chini, na sisi tulitazama barabara.

Bibi alikuwa amefagia uwanja tangu kichwa cha barabara. Alitupokea kwa vigelegele, na kila kijana aliyemwambia “Shikamoo, bibi” alimjibu “Marahaba, mjukuu wangu” na kumshika mikono yote miwili. Mikeka ilikuwa imetandikwa kwenye jua, mahali palipokingwa upepo. Jirani aliyepoteza mtoto alikuwa uani kwake akianua nguo. Tulimsalimia, akaitikia. Hakuja, na hatukumwita kwa sauti, maana jeraha lake nalo tunaliheshimu.

Maji ya kunawa yalipitishwa. Chakula kikaletwa: ugali wa ulezi, ugali mweupe, kuku, maharage yaliyopikwa bila mafuta mpaka yakatoa uji wake wenyewe, migebuka ya mchuzi, majani ya maboga, na jagi la togwa. Baba mmoja wa Jumuiya alisali sala ya chakula. Ndipo bibi akafanya jambo ambalo hatukulitegemea. Alichukua kijiko, akafunua sufuria ya kwanza, akasema kwa unyenyekevu mkubwa, “Wajukuu zangu, ngoja kwanza nitoe sumu.” Ni desturi ya zamani, mwenye nyumba kuonja kwanza mbele ya mgeni. Lakini sote tulijua kwamba hakufanya desturi tu. Alikuwa amejizoeza kujitetea. Katika uzee wake, mbele ya watu waliokuja kumtembelea, alikuwa tayari kuonja sufuria zote sita, moja baada ya nyingine, ili athibitishe kwamba yeye si muuaji.

Mama mmoja wa makamo, mwimbaji wa sauti ya pili, aliinuka kwenye mkeka. Alimwendea bibi, akamshika mkono wenye kijiko, akamwambia, “Mama, usionje. Tumekuja kula, hatukuja kupima.” Akachukua sahani, akajipakulia ugali wa ulezi na maharage, akaketi chini karibu na miguu ya bibi, akala. Bibi alibaki na kijiko mkononi. Hakulia. Alisema tu, “Ongeza mchuzi, mwanangu, huo ni mkavu.”

Baada yake walikula wengine. Kijana wa besi alikula sahani mbili, akauliza namna ya kusonga ugali wa ulezi usiwe na mabonge. Binti wa simu alikula kidogo, polepole, kisha akaomba togwa. Wageni wawili hawakula. Walikaa na chupa zao za maji, wakazungumza nasi vizuri, na hakuna aliyewanyooshea kidole, kama tulivyoahidi. Wakati wa kuondoka bibi aliwafungia wote unga wa ulezi kwenye mifuko midogo, na hao wawili aliwafungia sawa na wengine. Waliupokea kwa mikono miwili. Kama uliliwa au ulitupwa njiani, hilo ni lao na Mungu.

Tumeitafakari siku hiyo mara nyingi katika sala zetu za wiki. Tulisoma tena Injili ya Luka sura ya 10, Yesu anapowatuma wale 72. Tuliona utaratibu anaowapa. Wakiingia katika nyumba, waitakie amani kwanza. Kisha wakae humo, wale na kunywa kile wanachopewa. Baada ya hapo ndipo waponye wagonjwa na kutangaza kwamba Ufalme wa Mungu umekaribia. Kula kumewekwa kabla ya kuhubiri. Zamani tulidhani Bwana aliwapa maneno hayo ili wasiwe walafi wa kuchagua vyakula. Sasa tunaona kwamba anayekula kwa mwenzake anajikabidhi. Anaweka mwili wake mikononi mwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba anajua ameaminiwa. Habari njema iliyohubiriwa na mtu aliyekataa chakula cha nyumba hiyo, ni nani atakayeisadiki?

Mtume Paulo naye, katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, aliwashauri Wakristo walioalikwa kula na wasioamini kwamba wale walichoandaliwa bila kuulizauliza. Wakorintho nao waliishi katika mji wenye hofu za miungu na sadaka. Paulo hakuwaambia kwamba mji wao hauna kitu cha kuogofya. Aliwakumbusha kwamba dunia na vyote vilivyomo ni mali ya Bwana. Aliyesadiki hilo ana uhuru wa kuketi mkekani kwa mtu.

Hatusemi kwamba mtu asiwe na busara. Sumu ipo duniani, na watu wabaya wapo, Sumbawanga kama Dar es Salaam. Lakini kuna tofauti kati ya busara na ramli. Busara humtazama mtu kwa matendo yake. Ramli humtazama kwa mlango wake, umri wake, ujane wake, wekundu wa macho yake yaliyopulizwa na moshi wa kuni miaka 60. Na utani wa radi, ingawa huanza kama mchezo, ni mdogo wake ramli, kwa sababu nao humtazama mtu kwa mahali alipozaliwa.

Imani yetu ilifika Ufipa kwa njia ya wageni waliokula kwa wenyeji. Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, walifika Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1885. Miaka minne baadaye alifika huko Adrian Atiman, mzaliwa wa upande wa Timbuktu, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari na kusomea uganga wa hospitali huko Malta. Aliishi Karema akiwa tabibu na katekista mpaka alipofariki mwaka 1956. Fikirini, ndugu zetu: mtu aliyeibwa na watu akiwa mtoto, ambaye angekuwa na haki zote za kuogopa kila mkono usio wa nyumbani kwao, alitumia miaka 67 kuishika mikono ya wagonjwa wa kando ya ziwa letu. Jimbo la Karema, lililobadilishwa jina kuwa Sumbawanga mwaka 1969, limesimama juu ya imani ya watu wa namna hiyo.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi huyatumia maneno hayo tunapoona nyama sufuriani kwa sababu ya mgeni. Siku ile tuliyaona kwa maana nyingine. Kwa miaka sisi tulikuwa tumekula kwa bibi, na alitushukuru, lakini sisi ni majirani na alituzoea. Mtu wa mbali alipomshika mkono na kumwambia asionje, kuna kitu kilifunguka. Tangu siku hiyo, zamu yake inapofika, bibi hapitishi kijiko kwenye sufuria mbele yetu. Anapakua, anaketi, anakula pamoja nasi.

Jirani yake bado haji kwenye sala. Wakati wa kupanda alimwazima bibi jembe, bibi akamrudishia likiwa limenolewa. Tunawaombea wote wawili, na marehemu mtoto pia.

Nanyi mnaosoma haya katika parokia nyingine, tunawaomba jambo moja. Mtu wa Sumbawanga, au wa mahali pengine panapochekwa, akija kwenu, mpeni mkono. Na mkienda kwake, kuleni. Mkiwa na hofu, isemeni kwa Mungu kabla ya kufika mlangoni, halafu ingieni. Sumba wanga ni amri iliyotolewa kwa kila anayeingia mjini kwetu, na hofu ya kumwona jirani kuwa mchawi nayo ni mzigo wa kutupwa hapo hapo njiani.

Kwaya imeandika kwamba itarudi, na safari hii wanataka kufika Kalambo. Tumempelekea bibi habari. Ameuliza watakuwa wangapi, ili ajue ulezi wa kutenga.